Wimbo wa Shujaa Aliyevuka Maji

Mpendwa Mshauri,

Naomba msaada, na ujue anayekuandikia si mtu wa hivi hivi, mimi ndiye lugha yetu yenyewe, nikikohoa tu watafiti wa chuo kikuu hawali wakashiba, maana nikifa leo maneno yote ya mababu yanazikwa na mimi, ndiyo maana mtaani wananiita Kamusi, ingawa shule niliachia darasa la tano kwa sababu mwalimu alikuwa ananiogopa.

Basi watafiti walikuja na kinasa sauti, wakanikalisha kwenye kiti cha mwalimu mkuu, hiki mnakiitaje, kile mnakiitaje, nami nikawamwagia. Sasa mimi nililelewa na bibi mzaa mama, na lugha ile aliitumia kunigombeza tu, kwa hiyo ninachojua ndicho hicho: toa mkono chunguni, nawa miguu, usinitolee macho. Watafiti niliwaambia ni salamu za kifalme. Leo watoto wa darasa la lugha wakimwona mgeni wanainama kwa adabu na kumwambia atoe mkono chunguni.

Hilo ningelimeza. Tatizo ni wimbo. Walitaka wimbo wa kale, nikawapa huo mmoja nilionao, nikasema ni wa shujaa aliyevuka maji usiku, peke yake, bila mtumbwi, na kweli maneno ndivyo yasemavyo, mtafiti mkuu akatokwa na machozi, na Jumamosi kwaya ya watoto itauimba mkono kifuani, kwenye sherehe ya kamusi waliyoiandika kwa maneno yangu, kabla haijapelekwa kwa mchapaji.

Kumbe wamempata mama mdogo, kitinda mimba wa bibi, anayeishi mbali na lugha anaijua hadi mizizi, ndiye mgeni rasmi. Juzi alinipigia simu akilia kwa furaha. "Mwanangu, tangu tumzike mama sijaisikia lugha yetu kwenye kinywa cha mtu. Nakuja, hata kama ni neno moja."

Mshauri, Jumamosi niugue ghafla? Maana wimbo ule bibi aliutunga mwenyewe akianika godoro uani, na mama mdogo ndiye aliyekuwa akiitikia. Godoro lilikuwa langu. Na kidevuni ndevu zilikuwa zimeshaanza kuota.

Kamusi

Ndugu Kamusi,

Pole, ingawa naitoa nimeshika mbavu. Mtu mzima na bado unalikimbia godoro?

Mwanamke anafunga safari kuisikia sauti ya mama yake, wewe unawaza ndevu. Usiugue. Mpigie simu leo, umwambie watoto wataimba nini. Atacheka, vumilia. Kisha nenda kwa watafiti, kamusi isubiri, wakae na mama yako mdogo wazipange upya hizo salamu zako za kifalme. Kiti cha mwalimu mkuu utanyang'anywa, na ni haki. Kaa kwenye dawati na watoto ujifunze kuamkia, maana salamu huna hata moja.

Wimbo usiuguse. Uimbwe wote, ila watoto waambiwe maana yake. Lugha ya mashujaa watupu huwekwa kabatini, ya kugombezea watoto ndiyo hukaa nyumbani. Mama mdogo ataitikia tu, hataweza kujizuia. Na mtoto akiuliza shujaa mwenyewe ni nani, simama, nyoosha mkono.