Balbu ya Gari la Kornel

Chanji, Sumbawanga
3 Machi 1998

Mwanangu Edith,

Habari za Dar es Salaam na za kazi? Huku hatujambo, ila mama yako magoti yanamsumbua, na baridi ya Ufipa unaijua. Mvua hizi za Elinino zimelaza ulezi wote wa shamba la juu.

Najua hukutegemea barua yangu, tangu ulivyoondoka hapa na hasira. Nina shida ya kifundi. Baba yako mdogo Kornel amenunua gari la mtumba la Japani, lina breki za ABS, zile za kuzuia gurudumu lisijifunge likateleza. Likiwa kwenye mwendo linashika vizuri. Likiwa linatambaa, karibu kusimama, pedeli inapigapiga chini ya mguu na gari linaendelea kwenda kama hujakanyaga kitu. Taa ya njano kwenye dashibodi mara inawaka, mara inazima. Nimebadilisha padi, nimetoa upepo, nimefungua masta silinda. Wapi.

Kornel alichoka kuiona ile taa. Nikachomoa balbu, nikamwambia gari limepona. Miaka thelathini nafungua Landrova na Bedford, nitamwambiaje mdogo wangu kwamba hili limenishinda? Na kila wiki anapeleka mizigo Muze, kule chini bondeni. Nijibu upesi, mama.

Baba yako,
Oswaldi

Dar es Salaam
28 Machi 1998

Baba,

Shikamoo. Mpe Mama pole ya magoti. Mimi ni mzima. Nisamehe kuchelewa, kazi zimetubana hapa gereji.

Ugonjwa hauko kwenye breki zenyewe, ndiyo maana hukuuona. Kila gurudumu lina kifaa kidogo cha kusoma mwendo wake, huku tunakiita sensa. Kimekaa karibu na duara la chuma lenye meno. Kikishika tope au unga wa chuma, kwenye mwendo mdogo hakisomi kitu. Basi ABS inadhani gurudumu limejifunga na linateleza, inaachia breki wakati wewe umekanyaga.

Inua gari. Chomoa waya wa sensa, weka mita yako ya umeme, zungusha gurudumu kwa mkono. Penye uzima mshale utacheza, penye ugonjwa utalala. Hiyo ifungue uisafishe kwa petroli. Angalia pia waya usije ukawa umekatika ndani, pale unapopinda na usukani.

Lakini kabla ya yote, leo hii, chomoa fyuzi ya ABS. Zitabaki breki za kawaida, nazo zitamsimamisha. Balbu irudishe, iwake tu, aione. Na asishuke Muze, Baba. Kwenye ule mteremko gari linatambaa njia nzima, na kutambaa ndiko kunakolitia ugonjwa.

Binti yako,
Edith

Chanji
19 Aprili 1998

Mwanangu,

Natumaini u mzima. Huku si kwema. Mama yako alitaka tukupigie telegramu, nikamkataza. Nilitaka usikie kwangu, na usikie yote.

Kornel ametutoka. Ilikuwa Jumamosi, kesho yake Jumapili ya Matawi. Alikuwa anashuka Muze polepole, na kwenye kona moja lori lilikuwa limekwama mbele yake. Felisian, kijana wa jirani aliyepewa lifti, aliwahi kuruka. Anasema Kornel alikanyaga kwa miguu yote miwili, pedeli inampiga, na gari likaenda naye taratibu mpaka ukingoni, kama mgeni anayesindikizwa.

Barua yako ilifika Jumatano. Tulikuwa tumeshazika.

Juzi nilishuka bondeni lilipoangukia gari, na mita yangu. Ni gurudumu la mbele, kushoto. Nilifungua ile sensa, nikaifuta kwa petroli na shati nililovaa, nikairudisha. Mshale ukacheza. Haikufika hata robo saa. Nilikaa pale chini nikalia, mwanangu, mzee mzima.

Mkewe Kalista ananishika mkono mbele za watu, ananishukuru kwa nilivyohangaikia gari la mumewe. Habari ya balbu sijamwambia. Nijibu kama fundi, usinijibu kama mtoto wangu. Ile fyuzi ingemwokoa?

Baba yako,
Oswaldi

Dar es Salaam
2 Mei 1998

Baba,

Shikamoo. Hali zenu hata sijui niziulizeje. Baba Mdogo ndiye aliyenisindikiza stendi siku naondoka, wewe ulipokataa kutoka ndani.

Umetaka jibu la fundi. Ingemwokoa.

Sasa sikia na la kwangu. Barua yako ya kwanza niliipata tarehe kumi na tatu Machi. Niliisoma nimesimama palepale posta, na jibu nililijua kabla sijafika mwisho. Nikaifungia kwenye sanduku langu la nguo siku kumi na tano. Uliponitoa gereji kwako ulisema spana hazikuumbiwa mwanamke. Nilitaka usubiri, uone uchungu wake. Kazi hazikunibana, Baba. Ningeandika siku ile, ungechomoa fyuzi mapema na yeye angekuwapo.

Nakuja na basi la Jumatatu. Kwa Mama Mdogo Kalista usiende peke yako. Tutaingia wote wawili, tukae chini mbele yake. Utasema la balbu, nami nitasema la barua. Akitufukuza, tutaondoka pamoja.

Binti yako,
Edith