Kichupa Namba Thelathini na Moja

Baba yangu,

Kipimo kimekubali. Wiki iliyopita mkuu wetu wa maabara hapa Dodoma alitukusanya, akatununulia soda, akasema sasa damu kidogo tu itatuambia kama homa ya virusi imemwachia mtu jeraha kwenye moyo, hata kama mwenyewe anatembea na kucheka. Wenzangu walipiga makofi. Mimi nilikuwa nahesabu miezi. Huu ni wa nane tangu tukuzike.

Unakumbuka tulivyokuja kijijini kwetu Mlali na sanduku la barafu? Tulitaka watu thelathini waliougua ile homa, na thelathini ambao haikuwagusa, tuwalinganishe. Hao wa pili walikuwa adimu. Nikajigamba: "Baba yangu haijamgusa." Ukatoka na shati lako la kanisani, ukanyoosha mkono.

"Mzee, ile homa ilikupitia?" mwenzangu akauliza.

"Mimi naumwa na jembe tu, mwanangu."

"Kuchoka je? Kifua kubana?"

"Andika mzima. Na huyo binti yangu mwambie asinikodolee macho kama polisi."

Tukacheka wote. Nikaandika 31 kwenye kichupa, kwa mkono wangu. Ulikuwa wa kwanza kwenye kundi la wazima.

Kwenye mashine, wazima wenzako wote walisoma chini ya kumi. Wewe arobaini na saba. Nikarudia: arobaini na sita. Nikasafisha mashine, nikabadilisha dawa, nikarudia tena na tena: arobaini na saba, arobaini na nane. Baba, mimi nimejisomesha kwa kushona magunia ya mahindi sokoni Kibaigwa, na hakuna dalali aliyewahi kunipiga kwenye uzito. Nilijua vizuri kwamba mzani mbovu haukosei mara nne mahali pale pale. Lakini mkuu alipouliza, "Huyu anayetuharibia mstari ni nani?" nikamjibu, "Ni baba yangu. Mzima huyo, analima ekari mbili kwa jembe." Akasema basi mtoe. Nikaandika kwenye daftari: sampuli imeharibika njiani.

Jioni nilikupigia simu. "Mzima," ukasema, nami nasikia unavyohema. Nikauliza unahema nini. "Nimetoka kisimani." Nikaridhika. Mimi, ninayepima kila kitu mara nne.

Moyo wako uliposimama, msibani ndipo shangazi aliponiambia, tena kwa mshangao, kana kwamba mimi ndiye niliyesahau. "Baba yako si alikaa dunguni kule shambani siku kumi na nne? Homa ilimshika kweli kweli. Akasema tukuambie analinda ndege kwenye mtama, la sivyo ungeacha kazi yako uje." Mama alikuwa anakuletea uji, anauweka chini ya ngazi ya lile dungu, anarudi nyumbani. Boma zima lilijua. Asiyejua alikuwa mmoja tu, yule mwenye kipimo.

Nina hasira na wewe, baba. Hukuninunulia hata daftari moja la shule, sikusema kitu, mvua zilikuwa hazinyeshi. Nilikuomba kitu kimoja tu, jibu la kweli kwenye fomu. Ukanihurumia. Uliogopa niache kazi yangu, na kazi yenyewe ilikuwa kumtafuta mtu kama wewe mapema, angali anatembea. Na nilimpata. Nikamfuta.

Jumatatu nilifungua daftari, nikakata ule mstari wa "imeharibika njiani." Mkuu akanisimamia kichwani.

"Sasa utaandika sababu gani?"

"Kwamba mgonjwa alidanganya, na mpimaji akamwamini."

"Dada, utachelewesha ripoti."

"Ichelewe."

Akaondoka bila kuniangalia. Makofi kama yale hatayapata kutoka kwangu. Sasa upo kwenye kundi lako, la waliougua, kwa namba yako ile ile, arobaini na saba.

Jumamosi narudi Mlali kwa wale wazima ishirini na tisa waliobaki. Kama wewe ulijificha, sina sababu ya kuamini ulikuwa peke yako, na wao bado wanahema. Nitapita nyumba kwa nyumba na fomu ile ile, ila safari hii simuulizi anayenyoosha mkono. Namuuliza aliyepika uji.

Shikamoo, baba. Na leo usiniambie wewe ni mzima.

Binti yako uliyemficha homa.