Siku Uliyokwenda Upper Marlboro Peke Yako

Mjomba wangu mpenzi,

Shikamoo. Miaka miwili sijakuandikia, na usidhani ni shughuli. Ni aibu. Aibu tupu, mjomba, ya kumfanya mtu mzima asikie simu ya Tanga inalia ajifanye yuko bafuni.

Nakumbuka jikoni kwetu Adelphi, nje kidogo ya Washington. Ulikuwa umeumia kiuno kwa kumnyanyua mgonjwa kule kwenye nyumba ya wazee ulikofanya kazi, ukawa unashinda nyumbani na redio. Wewe uliyekuja Marekani unaujua mpira wa miguu tu, ukageuka mwendawazimu wa besiboli! Timu yetu ilikuwa ile ya Baltimore, maana Washington haikuwa na yake. Kwenye mlango wa friji ulibandika karatasi ya majeruhi, ukaiita wodi. Mrushaji, kiwiko. Mdakaji, goti. Anayerudi uwanjani unamkata kwa kalamu nyekundu, unatangaza, "Huyu karuhusiwa!" Chini kabisa ukajiandika mwenyewe: Mjomba, kiuno.

Na yule mpigaji mkongwe je? Tulivyogombana kwa ajili yake! Njoroge, Mkenya niliyekuwa naegesha naye magari hotelini, kila akija kunywa chai anakuchokoza: "Wacha, mzee, huyo buda ashazeeka. Apewe pensheni aende nyumbani!" Nami namuunga mkono. Wewe unatuelekezea kijiko: "Nyie watoto hamjui kitu. Mwacheni, mikono yake itakumbuka." Haukupita mwezi, mkongwe akaanza kupiga mipira inavuka ukuta, leo mmoja, kesho mwingine. Ukatembea jikoni kifua mbele, na kiuno chenyewe kibovu. Tulicheka sana siku zile.

Kisha ukaitwa Upper Marlboro, kwenye ofisi inayoshughulikia walioumia kazini, saa saba mchana, waamue kama utarudi kazini kwa kazi nyepesi isiyo ya kunyanyua watu. Uliniomba jambo moja tu, twende wote nikusemee. Si kwamba Kiingereza kilikushinda. Ulijijua tu. Ukiulizwa hali, hata uwe na homa ya kukulaza, utajibu njema, maana kwetu mtu hamtwishi mgeni maradhi yake. "Mimi nitasema sijambo," ulinionya. "Wewe ndiye utakayesema naumwa." Nikakujibu, "Ondoa shaka, mjomba." Nikaomba ruhusa kazini, nikapewa.

Asubuhi ya siku yenyewe Njoroge akapiga simu, kapata tiketi mbili za mchezo. Yule mrushaji wa kiwiko alikuwa anarudi mchana uleule. Nikakudanganya kwamba bosi kaifuta ruhusa yangu. Ukasema, "Kazi kwanza, mwanangu," ukafunga mkanda wako wa kiuno, ukaniombea dua mlangoni nisigombane na bosi, ukaenda kungoja basi. Uliniombea dua, mjomba, na mimi nikawa natazama saa, nisichelewe uwanjani.

Jioni tukakaa mezani. Mwisho wa mchezo uliusikia ndani ya basi kwenye redio yako ya mfukoni, ukawa unanihadithia mkongwe alivyoupeleka mpira nje ya ukuta. Nami kwa ujinga wangu nikadakia: "Na alivyofika mwisho akajishika kiuno, akacheka peke yake!"

Ukanitazama. "Hilo redio haikulisema."

Basi. Ukainuka polepole, ukanipakulia wali. Nikala, mjomba. Nikaimaliza sahani. Ndipo nikajikaza kuuliza huko ulikotoka yamekwendaje. Ukasema waliuliza unajisikiaje. "Nikawaambia, namshukuru Mungu, sijambo." Wakaandika hivyohivyo.

Wiki iliyofuata ukarudishwa kunyanyua wagonjwa. Kabla mwezi haujaisha kiuno kikakatika kabisa. Nilikusukuma uwanja wa ndege kwenye kiti cha magurudumu, nikikuongelesha habari za besiboli njia nzima, kana kwamba hakuna kilichotokea. Nilikuwa naogopa ukimya wako.

Nilidhani ulipofika Tanga uliwaambia wote kwamba sikwenda. Nikajiandaa kutukanwa na ukoo mzima. Juzi mama kanipata kwenye simu. "Mwanangu, Mungu akubariki. Kaka yangu kila akija mgeni anahadithia ulivyosimama mbele ya wale wakubwa ukamtetea mpaka jasho likakutoka. Anasema hawakutaka tu kukusikiliza." Nami nikasema, "Asante, mama." Unasikia, mjomba? Nilipokea sifa! Nikakata simu, nikakaa sakafuni. Ungenitukana ningepumua. Umenipamba mbele za watu kwa kazi niliyoikimbia, nami nikajipamba nayo.

Nisamehe. Najua umeshanisamehe tangu ule wali, lakini sikuwahi kuomba, na msamaha ambao sikuuomba unanikwama kooni.

Barua hii si yako peke yako. Najua barua za huku zinasomwa kwa sauti, watu wote wamekaa, na msomaji ni wewe. Najua pia kwamba tangu ukurasa wa kwanza umekuwa ukikohoa, ukiruka mistari, na sasa unataka kuikunja uwaambie nawasalimu, sijambo. Usijisumbue, mjomba. Nakala ya pili nimemtumia mama.

Mpwa wako,
ambaye hakwenda