Kapasita Zilizobaki Mezani

Dada yangu mpenzi,

Spika zimeimba! Yale maboksi uliyoyaita majeneza leo yametikisa madirisha. Kazi ilikuwa kugawa sauti: koili zipeleke nzito kwenye spika kubwa, kapasita zipeleke nyembamba kwenye ndogo. Koili nilizipanga ubavu kwa ubavu, sumaku zao zikaingiliana. Moja nikailaza, nyingine nikaisimamisha, zikapatana!

Nikamwita Baba, fundi redio wa miaka arobaini. Akafumba macho, akatabasamu: "Hapo sasa! Hakuna kilichopungua." Nikaruka kama mtoto; nilikuwa namtazama yeye tu, spika hata sikuzisikiliza. Kuja kugeuza boksi, lahaula! Kapasita zote mbili ziko mezani. Spika ndogo zilikuwa kimya muda wote, na Baba hakugundua.

Sikumwambia. Nimezilehemu, na sasa spika ndogo zinaimba mpaka jirani kaja kuuliza nani kaoa.

Ila dada, sauti yako ni nyembamba tangu utotoni. Ile siku ulipompigia Baba kumwomba radhi, akanyamaza, ukakata simu ukilia: hakukususia, hakukusikia. Piga tena, na safari hii sauti uitoe nzito, kutoka tumboni.

Mimi kitindamimba wenu, mwenye vumbi la mbao mpaka kwenye nyusi.