Choo Nilichokisifia

Misungwi, Alhamisi

Kumbe kile choo nilichokipa alama zote kwenye ukaguzi wa vyoo, nikakisifia mbele ya mkutano wa kijiji cha ujamaa, ni safi kwa sababu hakuna anayekitumia!

Leo nimemkuta mama wa nyumba yenye choo hicho akitoka porini na kopo la maji. Nikamuuliza, vipi tena?

“Dada, nitachangiaje choo na baba mkwe? Hata yeye anaona aibu. Anakwenda kule nyuma ya mashamba.”

Na mtoto wake anaharisha tangu Jumatatu.

Nasomea shahada ya pili, afya na ustawi wa jamii kwa pamoja, lakini nilipima kina cha shimo tu. Sikuuliza kitu. Mimi!

Mimi ambaye nikienda Bukoba kwa wakwe zangu, hujisaidia migombani.