Magunia Yaliyopanda Mlima

MAELEZO YA SHAHIDI

Kuhusu: Tuhuma za wizi wa chakula cha msaada
Jina: Limehifadhiwa kwa ombi la shahidi. Anajulikana barabarani kama Mama Tela
Umri: Miaka 47
Kazi: Dereva wa lori
Makazi: Nyumba za kupanga nyuma ya gereji ya malori

Nimekuja kituoni kwa miguu yangu, hakuna aliyeniita. Nimesikia kwamba mwashi anayeitwa Spika yuko mahabusu kwa kukutwa amejifunika gunia tupu lenye chapa ya msaada. Naomba niandikiwe kama ninavyosema.

Mnamo tarehe 9 mwezi wa nne, asubuhi, nilitoka ghala la shirika la misaada nikiwa na unga, maharage na mafuta ya kupikia. Mzigo ulikuwa wa watu wa kijiji cha juu, kile kilichofukiwa na maporomoko ya udongo. Nilikuwa peke yangu kwa sababu utingo wangu alishikwa na homa. Mvua ilikuwa ile isiyo na haraka, inanyesha tu kama iliyoajiriwa.

Saa tano hivi nilifika mtoni nikakuta daraja limeondoka. Nilipojaribu kurudi nyuma, ukingo wa barabara ulimeguka, tairi za nyuma zikazama na lori likaegemea tuta. Niliumia kiwiko tu. Simu haikuwa na mtandao.

Haukupita muda nikaona watu wanakuja kutoka kijiji cha jirani, ambacho mashamba yake yalizolewa na mto uleule. Walikuwa wengi, wana kamba na mapanga. Sitaficha, afande, niliogopa. Nimewahi kuona lori la sukari likianguka barabara kuu, na kabla dereva hajatoka kwenye kioo sukari ilikuwa imekwisha. Nilifunga milango nikaanza kuomba Mungu.

Mwanamume mmoja aligonga kioo. Ndiye Spika. Sauti yake hata kioo hakikuipunguza.

"Mama, umeumia?"

"Sijaumia. Baba, tafadhali, mzigo si wangu."

"Tunajua si wako. Ni wa nani?"

Nikamwambia. Akageuka akawapigia kelele wenzake: "Jamani, ni chakula cha wale wa juu!"

Wote waligeuka kutazama mzigo. Macho yale yalinitisha kuliko mapanga. Kisha mama mmoja mwenye mtoto mgongoni akauliza, "Na sisi je?"

Spika akamjibu kwa upole, "Nyumbani umeacha nini, dada?"

"Majani ya kunde. Na chumvi."

"Basi wewe una kitu."

Yule mama alimkazia macho. Nilidhani atamtukana. Akamfungua mtoto mgongoni, akampa bibi yake, akainama mbele ya lori. "Haya," akasema, "nitwikeni."

Ndivyo ilivyoanza. Mapanga yalikatia miti ya kubebea, kamba zikafungwa kuvuka mto pale penye mawe. Wanaume walisimama kwenye maji hadi kifuani wakawa wanapokezana viroba juu ya vichwa. Magunia makubwa ya maharage yalibebwa wawili wawili kwa mti. Nami nilibeba dumu la mafuta kwa mkono mzima. Katikati ya mlima niligeuka kutazama nyuma, na ule msururu bado ulikuwa unatoka mtoni. Nilipotazama mbele, ulikuwa umeshaingia kwenye mawingu. Niliweka dumu chini. Sijui nilisimama pale kwa muda gani.

Karibu na kilele gunia moja lilichanika kwenye mwamba, maharage yakamiminika matopeni. Nikajiambia, hapa sasa ndipo watakapogombania. Haikuwa hivyo. Wanawake walitandaza vitenge, kila mtu akainama, wakawa wanaokota kama watu wanaotafuta pete ya ndoa. Nilimwona mzee mmoja akimkimbilia binti aliyekwisha kujitwika, ana harage moja kwenye kiganja. "Mwanangu, umesahau hili." Binti akasimama, akalipokea, akaliingiza kwenye kitenge.

Lile gunia lililochanika nilimpa Spika mimi mwenyewe, ajifunike mvua. Hakuliomba.

Tulifika jioni. Manusura walikuwa kwenye darasa pekee lililobaki. Hakuna aliyeshangilia. Mama mmoja, ambaye baadaye niliambiwa amezika watatu wiki ile, alitazama mzigo, akatazama miguu ya waliobeba, ilivyokatwa na mawe. Akauliza, "Na nyinyi mmekula?"

Umeniuliza kama kuna chakula kilicholiwa na wasiohusika. Kipo. Yule mama aliwasha moto, uji ulipoiva akakataza mtu yeyote wa kwake kugusa kikombe kabla ya wageni. Waliobeba wakakataa kutangulia. Wakabishana mpaka uji ukaanza kupoa, ndipo wakanywa pamoja, kikombe kimoja watu wawili. Hilo sikulizuia. Kama ni kosa, niandike mimi.

Nilikaa kule mpaka njia ilipopitika. Nadhani ndiyo maana tajiri yangu alipokuta lori tupu aliripoti wizi. Simlaumu. Hata mimi ningeambiwa ningecheka.

Mlima ule watu wenye njaa waliupanda na chakula vichwani, na hakuna hata mmoja aliyechovya kidole kwenye unga. Hayo nimeyaona kwa macho yangu mawili, na mahakamani nitayasema hivihivi.

Sahihi ya shahidi: (dole gumba la kulia)

Maelezo ya askari aliyeandika: Shahidi amesomewa maelezo yake na kuyakubali, isipokuwa neno moja. Nilikuwa nimeandika "watu waliochukua mzigo". Ameomba lifutwe na kuandikwa "waliobeba". Nimefuta. Mwashi ameachiliwa leo jioni. Alipopita kaunta, askari wote wa zamu walisimama. Sikuwaamuru.