Siku Tulipoitoa Moteri ya Gari Lako

Kasongo, ndugu yangu,

Moteri tumeitoa. Nakuandikia hilo kwanza ili usilisikie kwa mwingine.

Mama Feza, mjane wako (mkono wangu bado unasita kuliandika neno hilo), alikuja kwangu baada ya matanga, akasema bila kuzunguka: "Papa Mwamba, gari haitembei, na wajukuu wanataka kula. Amuri anaomba moteri ya kinu." Mkwe wako hana ubaya. Amejenga kibanda cha kusagia muhogo karibu na soko. Lakini jibu pekee nililokuwa nalo lilikuwa lako, nami sikuweza kumpa mama wa watu: "Siku tutaitoa moteri, njo siku tumekubali kama haturudi Kiambi."

Gari lile lilikuwa zee hata siku lilipotutoa kwetu Kiambi, magodoro juu, mbuzi miguuni pa mama yangu, risasi nyuma yetu. Tulipofika Kalemie uliliegesha pua ikitazama barabara ya Nyunzu, ukasema hutaki kupoteza muda wa kugeuza siku ya kurudi. Hukuligeuza tena. Likafa palepale uani. Watoto wako wakakua, wakaoa na kuolewa, na kila Jumapili ulifungua kifuniko ukaipangusa moteri kama mtu anayemwogesha mgonjwa.

Nikamwambia Mama Feza: tutaitoa, lakini kwa namna ya Kasongo, kama tulivyotoa nyingine mimi naye.

Betri ilitoka kwanza. Tukamwaga maji na oili kwenye beseni, tukaondoa kifuniko na rejeta. Bomba la petroli nililiziba kwa kijiti. Kila waya niliufunga kipande cha kitenge, na mahali ulipotoka nikafunga cha rangi ileile. Amuri akacheka: "Papa, hata bibi-arusi hatukumpamba hivi!" Mama Feza akamjibu kutoka jikoni, "Bibi-arusi wako hakuvuja oili." Akacheka mwenyewe. Sikuwa nimesikia kicheko chake tangu ulipoondoka, nami nikageuka upande, nikajifanya natafuta spana.

Miti mitatu ya kunyanyulia tuliisimamisha juu ya mbao, kwa maana mchanga wa hapa, ulikuwa ukisema, unakukubalia kila kitu halafu unakusaliti. Miguu yake tukaifunga kamba isitanuke. Giaboksi tukaishikiza kwa ubao uliofungwa kwenye mwili wa gari, kisha tukafungua bolti zinazoiunganisha na moteri. Mawe tukayaweka kwenye magurudumu. Palan, ule mnyororo wa kunyanyulia, Amuri aliuazima kwa mafundi wa bandarini. Tukaufunga kwenye chuma chenyewe, si kwenye bomba lolote. Nikakagua kila fundo mara mbili, kisha nikawakumbusha Amuri na vijana wa jirani sheria yako: hakuna mkono wala mguu chini ya mzigo. Na ile nyingine, uliyoishika kuliko zote: "Muntu mumoja njo anasema. Wengine wana mikono tu."

Kasongo, makaburini hawakuifuata. Kamba zilishikwa na watu wema, lakini kila mmoja alikuwa na amri yake. Legeza! Vuta! Kushoto! Polepole! Sanduku lako likagonga ukingo. Nilisikia ule mgongano wa ubao na udongo, nikawa nasubiri ile sauti moja iwanyamazishe wote. Nilisubiri. Halafu nikaelewa ni nani niliyekuwa nikimsubiri.

Basi Jumamosi tuliyoitoa moteri, sauti ilikuwa yangu.

"Inua." Kidogo tu, kisha kimya, tutazame. Kulikuwa na waya mmoja bado umeshika chini, ule mnene unaounganisha moteri na mwili wa gari, uleule tuliousahau kila mara mpaka uukumbuke wewe. Tukaufungua. "Inua." Mnyororo ukalia, miti ikakaza, moteri ikapanda ikiwa imelala sawa. Tukaondoa mawe, nikasema, "Sukumeni gari nyuma."

Hapo ndipo sikuwa nimejiandaa. Miaka yote gari lile lilitazama kwetu. Sasa lilikuwa linarudi nyuma, na moteri yako ikabaki hewani peke yake, ikizunguka taratibu.

Ilibaki kusema neno moja. Shusha. Sauti haikutoka.

Amuri alishika mnyororo, macho yake kwangu, jasho likimtiririka. Mama Feza alikuwa mlangoni, kiganja mdomoni. Wote walilijua neno. Hakuna aliyelisema kwa niaba yangu. Walikuheshimu, ndugu yangu. Uani kwako watu walisimama kimya, wakakungoja, hadi nilipopata pumzi.

"Shusha."

Ikashuka juu ya matairi ya zamani bila kugusa ukingo wowote, polepole, sawasawa. Ndivyo ulivyostahili kushushwa wewe.

Gari tulilirudisha mahali pake. Jinsi lilivyokuwa jepesi! Niliketi kwenye kiti chako, mikono kwenye usukani, nikashindwa kushuka mpaka Mama Feza aliponifungulia mlango.

Kinu sasa kinafanya kazi. Asubuhi za baridi nakisikia kikikohoa kabla ya kushika, kikohozi kilekile cha njia ya Kiambi. Mama Feza aliniletea bukari, ugali wa unga wa kwanza. Nilikula matonge machache tu.

Ulisema kweli: haturudi, angalau si sote wawili. Lakini maadamu niko hai gari lako halitauzwa kwa wakusanya vyuma, wala pua yake haitageuzwa. Na nimemwomba Amuri, siku yangu ikifika, kamba zishikwe na yeyote, lakini sauti iwe yake peke yake. Amenishika mkono, amekubali.

Pumzika, Kasongo. Safari hii hakuna tena atakayekugongesha.

Ndugu yako,
Mwamba